Hesabu Ndoo, Usihesabu Karatasi

Butembo, 16 Januari 2000

Kwa mume wangu mzee, Babu Mathe, huko Beni,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi uliyoikimbia. Sisi hapa tu wazima. Mama mkubwa, anayenipa pa kulala, ana kikohozi chake cha kila Januari, na ukungu umekaa juu ya vilima tangu Mwaka Mpya, nguo tunazikausha juu ya jiko. Je, ninyi? Baba mdogo Kambere na duka lake? Na ule mguu wako wa kushoto unasema nini?

Sasa jambo lenyewe. Hospitali kubwa ya mlimani, ile yako, imetangaza nafasi nne za wauguzi wa salle d'opération, kule wanakopasua wagonjwa. Nne tu, babu. Jana nilipopeleka dossier yangu ya maombi ya kazi niliandikwa wa mia moja na kumi na mbili, na mstari ulikuwa bado unashuka mpaka barabarani. Watu wametoka kila mahali ambako vita vimefunga vituo vya afya. Mbele yangu alisimama kijana mmoja wa Kanyabayonga, Éphraïm, aliyetembea siku nne kwa miguu. Viatu vyake vya ngozi alivibeba ndani ya mfuko njia nzima, akavivaa mbele ya lango. Nilimcheka, kisha nikaona haya, maana mimi mwenyewe nimeazima sketi.

Unajua kwa nini naitaka kazi hii. Kule Kamango, kabla watu wa bunduki hawajachoma kituo chetu, mwanamke alinifia mikononi na mtoto wake tumboni, kwa kuwa hakukuwa na wa kumpasua wala wa kumsaidia mpasuaji. Sitaki kusimama tena namna ile. Baba mdogo amesema nikikosa nirudi Beni kabla ya Pasaka, niuze vitenge dukani kwake. Ananipenda, najua. Lakini nikishaanza kupima vitenge sitashika tena mgonjwa, na hilo najua pia.

Kutakuwa na mtihani wa kuandika, kisha wachache watakaobaki wataitwa mbele ya jury, wale watakaotuhoji, mkubwa wao Daktari Ngalula. Babu, wewe ulikuwa infirmier, muuguzi, palepale miaka thelathini na mmoja. Walikuhoji vipi siku ile? Niandikie yote.

Mke wako mdogo anayekupenda kuliko wakubwa wote,
Godelive


Beni, 2 Februari 2000

Mke wangu mdogo,

Nimepokea barua yako, nami nakujibu nikiwa mzima, isipokuwa huo mguu, ambao umeamua kuzeeka kabla yangu. Kambere hajambo na anazidi kunenepa. Joto la hapa linanifaa kifua, lakini chai ya Beni ni maji ya kuoshea vikombe. Watoto wake wananiita kila dakika niwatengenezee mpira wa majani ya ndizi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, ili jirani yetu wa mafuta ya mawese asikie kwamba kwetu infirmier hazai muuza mafuta. Akasikia. Akafunga dirisha.

Umeniuliza walinihoji vipi. Hayo ni ya zamani, wazungu walikuwa na maswali yao, tuyaache. Wewe lala mapema, usinywe maji mengi asubuhi ya mtihani, na mkubwa akipaza sauti usipaze yako. Kumbuka pia maharagi. Ulikuwa na miaka sita, nikakumwagia ndoo ya maharagi ukumbini, ukahesabu kumi kumi na kufunga fundo kwenye kamba kwa kila kumi, ukilia kwa hasira. Mukaka wako, mke wangu mkubwa, Mungu amlaze pema, alinigombeza siku nzima. Lakini hujasahau: hesabu ndoo, usihesabu karatasi.

Jambo moja limebaki. Kwetu mtu haendi kuomba mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi. Hilo niachie mimi, usiniulize.

Mathe
Infirmier mstaafu, salle d'opération


Butembo, 5 Februari 2000

Babu mpenzi,

Salamu tena, na asante kwa barua. Kikohozi cha mama mkubwa kimepungua. Ézéchiel, dereva wetu, amenifikishia barua yako leo mchana. Koti lake lilikuwa limejaa manyoya. Nilipomuuliza alikuwa amebeba nini, alikohoa tu na kutazama magurudumu ya lori.

Furahi na mimi kwanza: mtihani wa kuandika nimepita! Kati ya watu mia moja na thelathini tumebaki ishirini. Éphraïm yupo. Alipoliona jina lake ukutani alivua viatu vyake akavibusu, mbele za watu.

Lakini nakuandikia haraka kwa sababu ya neno lingine. Yule mkubwa wa jury, Daktari Ngalula, ni mama mmoja kutoka Kasai, mpasuaji, aliyekuja kufundisha mwaka mmoja na vita vikamfungia hapa. Hana mchezo. Amebandika tangazo mlangoni: mgombea ambaye yeye au familia yake ataleta zawadi yoyote kwa mtu wa jury, hata yai moja, jina lake litafutwa. Wiki iliyopita walimfuta mtoto wa tajiri kwa sababu ya gunia la sukari, na barua ya komanda aliyoileta mwingine, daktari aliirudisha bila kuifungua.

Kwa hiyo, babu, nakuomba kwa jina la mukaka: usitume kitu.

Nimekutana pia na karani wa jury, Mzee Apollinaire. Anasema mlifanya kazi pamoja. Aliposikia mimi ni wa kwako alicheka kwa furaha akasema, "Mathe! Mathe wa ndoo!" Nikamuuliza kwa nini wa ndoo. Akaniangalia, akaanza kupanga karatasi zake.

Ézéchiel anarudi Beni kesho, atakupa hii mkononi.

Godelive wako


Beni, 28 Februari 2000

Kwa Godelive,

Nakusalimu. Barua yako ya tarehe tano nimeipata jana tu. Barabara ilifungwa kwa vita siku Ézéchiel alipotaka kurudi, akalala wiki tatu Butembo na lori lake. Barua imefika inanuka samaki wa chumvi, lakini inasomeka. Inasomeka yote.

Hapa mvua imenyesha vizuri. Kuku wa Kambere wanataga. Si kwamba nataka kuzungumzia kuku. Migomba nayo iko salama.

Nimefurahi sana umepita. Kuhusu Apollinaire, huyo tangu ujana alikuwa anasahau hata jina la mkewe. Usimsikilize.

Kumbe huyo Daktari Ngalula ni mwanamke? Mimi niliandika Monsieur. Nilitaka kusema, mimi nilidhani ni monsieur.

Je, ni mtu wa kupenda nyama? Nauliza tu.

Babu yako ambaye hajalala vizuri kwa sababu ya mbu,
Mathe
Infirmier mstaafu


Butembo, 12 Machi 2000

Babu,

Salamu zinatoka kwetu sote. Mama mkubwa amepona kabisa, sasa anatukemea kama zamani. Kwaresima imeanza, maharagi bila mafuta, hatulalamiki.

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Mguu uweke juu ya kiti.

Jury ilikaa Alhamisi. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi, watu ishirini, tukisikia jogoo anawika nyuma ya jiko la hospitali kwa sauti ya kuamsha wafu. Éphraïm akasema, "Ile jogoo iko na sauti ya mutu wa Beni." Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wengine.

Walianza kuita majina. Waliita kumi na tisa. La kwangu halikuitwa.

Mzee Apollinaire alinivuta pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mutoto wangu, jina yako walifuta. Ni juu ya jogoo." Akanieleza: jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kitambaa safi, ameletwa na dereva mpaka nyumbani kwa daktari, pamoja na karatasi: "Kwa Monsieur le Docteur Ngalula, kutoka kwa Mathe, infirmier, babu yake Godelive." Daktari alikataa kumchinja, akaamuru afungwe jikoni awe ushahidi. Kisha akataka kujua huyo infirmier Mathe ni nani, akamtuma Mzee Apollinaire alitafute jina lako katika rejista za zamani. Alilipata. Zaidi ya hapo siandiki. Hilo ni lako wewe kulisema au kutolisema.

Nilikaa kwenye benchi la korido nikakukasirikia, babu. Nasema wazi. Nilikukasirikia mpaka nikaona giza. Nikaviona vile vitenge dukani, vimepangwa kwa rangi, na futi ya mbao ikinisubiri. Kisha nikafikiria jinsi Ézéchiel alivyompitisha yule jogoo kwenye vizuizi saba vya askari, na kila askari anamtamani, na wewe Beni unahesabu siku. Nikasimama. Sikubisha hodi.

Walikuwa watano nyuma ya meza. Nikasema, "Docteur, samahani. Ile jogoo, babu yangu aliituma mbele ya barua yangu kufika kwake, barabara ilifungwa. Kwetu mutu haendeke kuomba mikono mitupu, ni heshima, alifanya namna alilelewa. Lakini kama jogoo ndiye alitoa dossier, basi mumuulize yeye. Mimi nilileta dossier yangu na mikono yangu. Munihoji mimi."

Wakati huohuo jogoo wako akawika kule nyuma, kwa nguvu, kama aliyeitwa. Mmoja wa jury akaficha uso ndani ya leso. Daktari Ngalula hakucheka. Aliniangalia, akasema, "Utaingia wa mwisho. Lakini kosa moja tu, unarudi kwenu na kuku wenu."

Wenzangu walikuwa wakitoka mmoja mmoja. Éphraïm alitoka akitokwa jasho, akaniambia mtihani ni mwepesi mno, na hicho ndicho kilichomtisha.

Saa nane wakaniita. Salle d'opération, babu! Taa ile kubwa, harufu ya dawa. Mezani walilaza mgonjwa wa uongo, godoro limefungwa kwa blanketi na tumbo limeachwa wazi. Wakanieleza: tufanye operesheni imekwisha, mpasuaji anataka kushona, wewe ndiye msaidizi. Ukutani karatasi imeandikwa: kompresi zilizotoka, ishirini. Unazijua kompresi, vile vitambaa vya kufutia damu, vikishatumika hutupwa ndani ya ndoo. Daktari akashika sindano. "Karatasi iko sawa? Tufunge?"

Nikatazama karatasi. Kisha nikasikia sauti yako na kelele ya maharagi ukumbini. Nikapiga magoti, nikamwaga ndoo sakafuni mbele ya viatu vyao. Nikahesabu kumi, nikafunga fundo kwenye uzi. Nikahesabu saba. Mbili zilikuwa kwenye sahani. Kumi na tisa.

"Docteur, tusifunge. Moja haiko."

"Karatasi inasema makumi mbili! Mugonjwa anapoteza damu! Funga!"

Alipaza sauti mpaka vyombo vikatetemeka. Mimi sikupaza yangu. Niliweka mikono yote miwili juu ya tumbo la godoro. "Karatasi haikuingiza mukono mu ndoo, Docteur. Hatufunge."

Akaniambia nitoke. Nikasema nitatoka kompresi ikionekana. Mikono yangu haikutoka pale. Ndipo akaweka sindano chini, akaingiza vidole ndani ya blanketi, akavuta kompresi ya ishirini. Walikuwa wameificha wenyewe tangu asubuhi. Nikajua baadaye kwamba Éphraïm naye aligundua kwamba moja haiko, lakini alipofokewa alikubali kufunga, kisha akarudi mlangoni na kusema hapana, amekosea, wafungue tena.

Daktari aliniuliza jambo moja la mwisho: "Nani alikufundisha kuhesabu hivi? Shuleni hawafundishi."

Nilimjibu ukweli. Majibu bado hayajatoka.

Mke wako mdogo, ambaye hasira imemwisha,
Godelive


Beni, 20 Machi 2000

Godelive, mtoto wa mwanangu,

Wote wazima. Leo sina habari za kuku.

Unasema ulijibu ukweli, nami usiku wa jana na wa juzi nimejiuliza ni ukweli upi. Basi ngoja niutoe mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla sijausikia kwa watu.

Sikuwa infirmier. Sikuwa hata siku moja. Mwaka 1956 tulikwenda vijana tisa kuhojiwa kwa kazi ya usaidizi wa wauguzi. Walituambia tufunge bandeji kichwani mwa mtu. Yangu ilikuwa safi kuliko zote, mtu yule mwenyewe alisema. Lakini wenzangu walimpelekea mkubwa wa wasaidizi mbuzi na mihogo, mimi nilikwenda na mikono yangu tu, nikidhani inatosha. Wao wakapewa blouse nyeupe, lile koti la kazi la wauguzi. Mimi nikapewa ya kaki na ufagio. Nilifagia ile sakafu uliyopigia magoti miaka thelathini na mmoja.

Nilipokwenda kuposa, baba mkwe akaniuliza kazi yangu. Nikasema infirmier. Neno lilitoka hivi hivi. Kisha watoto wakazaliwa ndani ya neno lile, na wajukuu, nikakosa mlango wa kutokea. Mukaka wako alijua tangu siku ya kwanza alipoifua ile blouse, maana kaki si nyeupe. Aliifua na kuipiga pasi miaka yote hiyo, hakusema kitu.

Kuhusu ndoo. Kazi ya kumwaga ndoo ilikuwa yangu. Siku moja nilihesabu vitambaa nikaona kimoja hakipo. Nikasema. Wakaniambia mfagiaji afagie. Mgonjwa alikuwa mama mwenye watoto wanne. Alizikwa baada ya siku tisa. Tangu hapo nilihesabu kila ndoo, kila siku, waniulize wasiniulize, na miaka ya mwisho wapasuaji walikuwa wananitazama mlangoni kabla ya kushona. Nikitikisa kichwa, hawashoni. Hakuna aliyeliandika mahali popote.

Ndiyo maana nilituma jogoo. Niliogopa utapewa ufagio. Nisamehe, nimekukosea mara mbili.

Mathe


Butembo, 3 Aprili 2000

Kwa mwalimu wangu, Babu Mathe,

Salamu, salamu, salamu! Mwambie baba mdogo atafute mtu mwingine wa kuuza vitenge!

Majibu yametoka. Nimekuwa wa kwanza, babu. Wa kwanza kati ya mia moja na thelathini. Éphraïm ni wa tatu, ameapa kwamba viatu vile hatavivaa tena ila siku ya ndoa yake. Mama mkubwa amepiga vigelegele mpaka askari wa kizuizi wakaja kuuliza kuna nini, akawapa ndizi. Naanza kazi tarehe kumi na saba. Blouse nyeupe ninayo tayari, imetundikwa ukutani, kila nikiamka naiangalia kama bado ipo.

Uliniuliza ukweli upi. Huu hapa. Daktari alipouliza nani alinifundisha, nilisema: "Ni babu yangu. Anaitwa Mathe. Alifagia hii chumba myaka makumi tatu na moja, na yeye ndiye alikuwa anahesabu ndoo." Nilisema kwa sauti, wote watano walisikia. Mzee Apollinaire alisimama. Nakuambia, babu, yule mzee alisimama kama kanisani, akasema, "Ni kweli. Tulikuwa tunangojea kichwa yake mbele ya kushona." Sikuona haya hata kidogo. Niliona fahari.

Ézéchiel anakuletea kifurushi chenye kelele. Kina reçu, risiti ya hospitali yenye muhuri, naomba uisome mbele ya jirani yako: "Imerudishwa kwa Bwana Mathe: jogoo mmoja, mzima, mwekundu, mwenye kelele. Hospitali haikula hata unyoya."

Chini yake daktari ameongeza kwa mkono wake. Anauliza kama Bwana Mathe anaweza kuja Butembo Jumatatu ya tarehe kumi na saba, awaonyeshe wauguzi wapya wanne namna anavyohesabu. Nimemwambia kwamba mimi siwezi kukujibia. Unajibu nini?

Godelive


Beni, 9 Aprili 2000

Godelive wangu,

Wasingya, wasingya kabisa. Nashukuru mpaka maneno ya Kiswahili yananiishia.

Niliisoma barua yako peke yangu kwanza, kisha nikamwita Kambere na watoto na jirani, nikawasomea yote, hata ya ufagio. Kambere akaniambia, "Baba, tulijua. Mama alituambia mbele ya kufa. Tulikuwa tunakungojea wewe." Nimelia, mke wangu mdogo, na sioni sababu ya kukuficha. Jirani naye alilia, akaleta mafuta ya mawese chupa mbili bila kuombwa.

Jogoo amefika, amezidi kujivuna. Kambere alitaka tumle kwa Pasaka. Nimekataa. Jogoo mwenye reçu yenye muhuri haliwi.

Mwambie daktari nitakuja. Ézéchiel ananipakia mbele, karibu na dirisha, kwa ajili ya mguu. Katika sanduku la mukaka wako nimeikuta ile blouse ya kaki, imekunjwa na kupigwa pasi. Bado inanienea, ila tumbo. Nitaivaa.

Nami nakuonya mapema, usije ukaona haya langoni: safari hii nakuja mikono mitupu.

Mathe
Mfagiaji wa salle d'opération, 1956 hadi 1987
Babu yake Godelive, infirmière